Goma: Mastajiere 24 kwenye karatasi, 7 darasani

GOMA. Karatasi ilifika ikiwa imejazwa tayari. Zilibaki nafasi mbili tu chini kabisa, moja ya saini na nyingine ya muhuri wa shule. Mama Direktrisi wa shule moja ya msingi ya magharibi mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Sake, aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaisoma tena. Karatasi ilisema kwamba kuanzia mwezi wa kumi na moja 2024 hadi mwezi wa sita 2025, wanafunzi 24 wa chuo cha ualimu walikuja shuleni hapo mara 72 kufundisha watoto kusoma, na kwamba watoto 300 walifaidika.

Kijana aliyeileta alikuwa amekaa kwenye benchi ya watoto, magoti yake yakikaribia kidevu. Ni asistenti wa chuo hicho, na ndiye aliyeandika mradi. "Mama," alisema kwa upole, "ni saini tu. Bila hiyo, awamu ya mwisho haitoki."

Awamu ya mwisho ilikuwa dola 2 400. Na ndani ya kabati ya Mama Direktrisi kulikuwa na daftari la jalada la buluu ambalo lilikuwa na hesabu nyingine.

Kwa mtu wa mji huu, jambo kama hili si geni. Miradi inakuja, kaliko linatundikwa, picha zinapigwa, na siku moja mtu anafika na karatasi ya kusaini. Lakini mradi huu haukuwa wa uongo. Ulianza vizuri, na ulifanya kazi ambayo wazazi waliokimbia vita wanaikumbuka mpaka leo. Ndiyo maana karatasi ile ilikuwa nzito.

Mwaka wa masomo ulipofunguliwa mwezi wa tisa 2024, shule hiyo ya mbao, iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, ilipokea watoto wengi kutoka kambi za Bulengo na Lushagala. Wengi walitoka Masisi. Wapo waliokuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili na hawakujua kusoma jina lao. Walikuwa wamekimbia kijiji kimoja, wakaanza shule mahali pengine, wakakimbia tena kabla ya mitihani. Kuwaweka darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka sita kulikuwa kuwaaibisha, na kuwaweka darasa la tano kulikuwa kuwadanganya. Mama Direktrisi aliwaweka kulingana na urefu wao, anasema yeye mwenyewe akicheka kidogo, kisha akaenda chuoni kuomba msaada. Hakuomba feza. Aliomba vijana wanaojua kufundisha kusoma, mara tatu kwa wiki, baada ya zamu ya asubuhi.

Chuo kilikuwa na vijana. Kila mwaka mwanafunzi wa ualimu analazimika kufanya stage. Kila mzazi aliyesoma hapa Congo anaijua stage hiyo. Stajiere anakuja na fishi za somo zilizoandikwa vizuri kwa Kifaransa, anafundisha masomo aliyopangiwa, siku moja mwalimu wake anakaa nyuma ya darasa kumpa alama, na baada ya hapo haonekani tena. Darasa linamsaidia yeye kupata alama. Yeye analisaidia darasa kiasi gani, hakuna anayeuliza.

Asistenti yule kijana alitaka kitu tofauti. Alikiita kujifunza kwa kutumikia jamii. Mwanafunzi wa chuo anafanya kazi ambayo shule yenyewe imeiomba, kazi hiyo inahesabiwa katika masomo yake, na kila wiki anakaa na mwalimu wake na wenzake kusema ameona nini, amekwama wapi, na vitabu vyake vinasema nini juu ya hilo. Alipowaeleza wazazi kwa mara ya kwanza, mzee mmoja aliinua mkono na kuuliza kama hiyo ni Salongo. Watu walicheka, ila mzee hakuwa anatania. Tangu wakati wa Mobutu, mtu akiambiwa kazi ya jamii anafikiria jembe, mtaro na faini kwa asiyekuja. Asistenti alijibu kwamba katika Salongo mtu haulizwi jioni amejifunza nini. Jibu lilimridhisha mzee, au labda alichoka kusimama.

Feza ndiyo iliyoharibu hesabu, ingawa bila feza pia isingewezekana. Tangazo la mfadhili lilikuwa limetoka mwezi wa saba, wakati shule zimefungwa. Liliandikwa kwa Kifaransa na lilitoa siku 21 tu. Lilitaka mwombaji awe na hati za kisheria, namba ya kodi, konti ya benki kwa jina lake, na ripoti za feza za miaka miwili. Shule ile ya mbao haikuwa na vitu hivyo. Kwa hiyo chuo kikawa mwombaji, na shule ikaandikwa kama mshirika. Kwenye maandishi ya mradi, mshirika alikuwa barua moja ya nusu ukurasa yenye muhuri. Mama Direktrisi aliisaini barua hiyo bila kuona bajeti. Hilo ndilo kosa ambalo anakiri mwenyewe, bila kuulizwa.

Bajeti aliiona mwezi wa kumi na moja, siku ya uzinduzi. Ilikuwa dola 12 000. Kompyuta na projekta, 3 400. Uratibu, 3 000. Mafunzo ya siku mbili katika hoteli moja ya mjini, 2 100. Machapisho, fulana na kaliko, 1 700. Chaki, daftari na vitabu vya watoto, 700. Nauli ya mastajiere, 600. Zilizobaki 500 zilikuwa za ukaguzi na ripoti.

Shule haina umeme. Projekta ilibaki chuoni.

Aliyeshika kalamu siku hiyo hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mtunza feza wa kamati ya wazazi, ambaye anauza sambaza sokoni na amezoea kugawanya faina akilini kabla mteja hajamaliza kusema. Alichukua ile 600 ya nauli, akaigawa kwa watu 24, akaigawa tena kwa siku 72. "Haifiki senti 35 kwa siku," alisema. "Kwenda na kurudi. Huyu aliyeandika hii hapandi taksi-basi?" Asistenti aliinamisha kichwa. Anapanda taksi-basi kila siku. Baadaye alieleza kwamba kwanza nauli ilikuwa kubwa zaidi, lakini kila mstari mpya ulipoongezwa ili mradi uonekane umekamilika, kilichopunguzwa kilikuwa nauli, kwa sababu nauli haiachi kitu cha kuonyesha. Kompyuta inapigwa picha. Mtu aliyeshuka kwenye basi na kufika darasani kwa wakati hapigwi picha.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na wazazi wa shule nyingine wanaosikia kwamba mradi unakuja wangefanya vema kuulizia mstari huo kwanza.

Hata hivyo vijana walikuja. Walianza Jumatatu ya tarehe 18 mwezi wa kumi na moja, saa saba na nusu mchana. Wiki ya kwanza walikuwa wote 24, na fulana. Wiki ya tatu walikuwa 15. Walipokaa chuoni kujadili, jambo la kwanza walilosema ni kwamba fishi zao hazifai kitu. Zilikuwa za Kifaransa, na hawa watoto ni lazima waanze kwa Kiswahili, na wengine nyumbani wanasema Kihunde au Kinyarwanda. Hakuna aliyekuwa amewafundisha mastajiere namna ya kufundisha kusoma kwa Kiswahili, lugha ambayo wao wenyewe wanaisema tangu kuzaliwa. Walidhani wanaijua.

Mmoja wao, msichana ambaye familia yake nayo ilikimbia kutoka Masisi, alikuwa na kundi la watoto 14 wakubwa waliokataa kabisa kurudia "ba, be, bi" kama watoto wachanga. Siku moja aliona mvulana mmoja akichora kwa kijiwe kwenye ubao wa ukuta. Alichora U, halafu N, H, C, R. Hakujua zinasomwaje. Alizijua kwa sababu alilala chini yake, kwenye turubai, kwa miezi mingi. Msichana akafuta fishi yake. Akawauliza watoto nani mwingine anazijua herufi hizo, na mikono yote ikainuka. Akaziandika ubaoni kwa mpangilio mwingine, akawasomea polepole: nu-ru, nuru. Kisha u-hu-ru, uhuru. Hakuongeza herufi hata moja ambayo hawakuwa nayo. Kesho yake aliongeza A tu, na wakasoma "hana", "huna", "nunua". Yule mvulana alirudi kambini kuwaonyesha wadogo zake ukuta wa nyumba yao.

Habari hiyo ilijadiliwa chuoni kwa saa nzima. Mwalimu mmoja mzee wa chuo, ambaye amefundisha kwa miaka mingi, alisema hakuwahi kuifikiria. Ukitafuta ni nini chuo kilipata katika mapatano haya, ni saa hiyo moja. Haikugharimu kitu katika bajeti. Ila ilihitaji msichana yule awe ameweza kufika.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini na M23 wakauchukua mji. Wasomaji hawahitaji kuelezwa siku zile. Shule zilifungwa, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa. Katika wiki zilizofuata kambi zilibomolewa na familia zikapewa siku chache za kuondoka. Wengine walirudi kwenye vijiji vyao bila kujua kama nyumba zipo, wengine walibaki kwa jamaa ndani ya mji, wengine hawajulikani walipo. Daftari la buluu linaonyesha Ijumaa ya mwisho kabla ya vita ikiwa na mstari mmoja tu uliopigwa kwa rula, bila jina. Mpaka siku hiyo walikuwa wamefundisha mara 22, na watoto 186 walikuwa wameandikwa.

Awamu ya pili ya feza, dola 4 800, ilikuwa imetumwa tayari. Ilikuwa ndani ya benki, na benki ilikuwa na kufuli. Mji ulikuwa unajifunza somo hilo kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Siku chache kabla, tarehe 20 mwezi huo wa kwanza, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na watu wengi waliofanya kazi katika mashirika walirudi nyumbani. Feza ya mradi huu haikutoka huko. Lakini walimu walielewa kwamba kitu kinaweza kuandikwa, kusainiwa na kutumwa, na bado kisifike.

Mwezi wa tatu, shule zikiwa zimefunguliwa, msichana wa Masisi alitokea langoni Jumatano moja, kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya mawe. Aliuliza kama ufunguo wa darasa upo. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Mwishowe wakawa saba, na wakapunguza siku kutoka tatu hadi mbili kwa sababu ya umbali. Hakuna aliyewaambia waje. Mwalimu mzee wa chuo alikubali kuendelea kuhesabu saa zao kama stage, akasaini kitabu chao kila Jumamosi nyumbani kwake.

Swali lilikuwa chakula na nauli. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na direktrisi anayewaomba wazazi franka mia tano anaweza kushtakiwa kwamba ameirudisha karo kwa mlango wa nyuma. Mama Direktrisi hakutaka kuugusa moto huo. Akina mama wa kamati walipata njia yao. Siku za kusoma, mmoja wao alileta maharagwe na mwingine fufu, kutoka jikoni mwake, kama mtu anavyompikia mgeni wake. Sheria haikatazi kumlisha mgeni. Wawili kati ya akina mama hao walikuwa wenyewe wanakaa kwa jamaa baada ya kambi kubomolewa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka mwezi wa sita. Baada ya vita walifundisha mara 25. Ukijumlisha na zile 22, ni 47. Watoto waliobaki walikuwa 94. Siku ya mwisho Mama Direktrisi alimwita kila mmoja mezani kwake, akampa kitabu cha darasa la pili, akamwambia asome aya moja. Waliosoma bila kusaidiwa walikuwa 61. Aliandika majina yao kwa bic nyekundu.

Na sasa karatasi ilisema 24, 72 na 300.

Asistenti hakuwa mwizi. Hili ni lazima lisemwe. Kwa miaka kadhaa amefundisha chuoni bila mshahara wa serikali, akingoja jina lake litokee kwenye orodha, na mradi huu ulikuwa wa kwanza aliouandika ukakubaliwa. Fomu ya ripoti ilikuwa na safu mbili, iliyopangwa na iliyofanyika. Wakubwa wake walimwambia safu ya pili ifanane na ya kwanza, kwa sababu mradi ambao haukutimiza hauombi tena. "Vita si kosa letu," alisema. "Kwa nini tuadhibiwe kwa sababu ya vita?" Ni swali la haki. Mama Direktrisi alikubali kwamba ni la haki, na hakusaini.

Badala yake alimuuliza kuhusu Marekani. Kwenye yale mafunzo ya hotelini, asistenti alionyesha kwenye projekta kwamba kujifunza kwa kutumikia si jambo la kubuniwa Goma. Alieleza kwamba Wamarekani waliliwekea sheria mwaka 1990, kwamba mwaka 1993 waliunda shirika la serikali la kusimamia kazi za kujitolea, na kwamba ndani yake kulikuwa na programu iliyoitwa Learn and Serve America, iliyotoa feza kwa shule na vyuo ili vishirikiane kwa namna hii. Wote walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza iliishia wapi.

"Na hao, programu yao iko wapi sasa?" Mama Direktrisi aliuliza.

Asistenti alisema ukweli. Kongresi iliikatia feza mwaka 2011, na haikurudi.

"Vyuo vikaacha?"

Vingine viliacha. Vingine vilikuwa vimeshaifanya kuwa sehemu ya masomo, na viliendelea bila hiyo feza. Tena, alikumbuka jambo lingine ambalo hakuliweka kwenye projekta. Kwa muda mrefu, katika sheria ile, serikali ililipa hadi sehemu 90 kwa mia ya gharama mwaka wa kwanza, 80 mwaka wa pili, 70 mwaka wa tatu, na kuanzia mwaka wa nne nusu tu. Iliyobaki ilitoka kwa wenyewe, kwa feza au kwa vitu na kazi. Mama mtunza feza, ambaye alikuwa ameingia na kukaa bila kuitwa, alisema hiyo ni akili, kama mtoto anayeachishwa ziwa. "Sisi tulinyonyeshwa miezi miwili," alisema, "halafu mama akafungiwa benki."

Kisha akauliza ndani ya ile 2 400 kuna nini hasa. Kulikuwa na vitabu vya watoto vya dola 400. Kulikuwa na deni la nauli la wale saba. Iliyobaki ilikuwa uratibu na ukaguzi. Alipiga hesabu ya nauli kwa bei ileile ya bajeti, watu saba, mara 25. Ilikuwa dola 61 kwa wote. Hata dola 9 kwa mtu hazifiki, kwa miezi minne ya kutembea juu ya mawe.

Wale saba waliitwa. Mama Direktrisi hakutaka kuwapotezea haki yao bila kuwauliza, na vilevile kulikuwa na vitabu. Hawakukubaliana. Wawili walisema asaini, kwa sababu kila mtu anasaini, na watoto wanahitaji vitabu. Mmoja alisema yeye haoni ubaya kuwaandika wenzao waliokimbia, kwa kuwa wangekuja kama si vita. Msichana wa Masisi alinyamaza kwa muda mrefu.

"Ikiandikwa kwamba tulikuwa 24 na tulikuja mara 72," alisema mwishowe, "na watoto 61 tu ndio wanajua kusoma, watasema kazi hii haifai. Watoto 61 kwa watu 24, hiyo ni aibu. Lakini tulikuwa saba."

Hakuna aliyejibu. Asistenti alichukua simu yake, akapiga hesabu hiyo mwenyewe, akairudisha mfukoni.

Mama Direktrisi alikata zile namba kwa mstari mmoja, ili zisomeke bado, akaandika zake pembeni: 24 mwanzoni, 7 mwishoni, mara 47, watoto 186 kisha 94, wanaosoma 61. Aliandika pia, kwa mkono, sentensi moja juu ya benki na nyingine juu ya maharagwe. Akasaini, akapiga muhuri, akaambatisha nakala za daftari la buluu alizokwenda kupiga fotokopi mjini kwa feza yake.

Jibu lilichukua wiki tano. Mfadhili alikubali kulipa dola 61 za nauli, na zilitumwa kwa simu, zikiwa zimepungua kidogo kwa ajili ya gharama ya kutoa. Uratibu ulikatwa. Vitabu navyo vilikatwa, kwa sababu tarehe ya kununua ilikuwa imepita. Hilo la vitabu linamuuma Mama Direktrisi mpaka sasa, na hajifichi. Alipoulizwa na mzazi mmoja kama angesaini angevipata, alijibu: "Ndiyo, ningevipata." Asistenti alilaumiwa chuoni. Kwa karibu miezi miwili, akikutana na Mama Direktrisi njiani, alisalimia kwa kichwa tu na kupita.

Mwezi wa tisa 2025 masomo yalianza tena. Wanne kati ya wale saba walirudi, pamoja na wapya watatu, bila mradi wowote. Mwalimu mzee anaendelea kuhesabu saa zao. Turubai zimepungua mjini, na watoto wapya hawajui zile herufi tano, kwa hiyo msichana wa Masisi sasa anaanza na maandishi ya magunia ya unga.

Wiki chache baadaye, jioni moja, asistenti alibisha hodi nyumbani kwa mama mtunza feza. Kulikuwa na tangazo lingine la mfadhili mwingine, siku 30 safari hii. Alikuwa na kompyuta ndogo ya kuazima na ukurasa wa bajeti ulio mtupu. Alisema hajaandika kitu, na kwamba anataka waanze na nauli.

Mama alikuwa anasafisha sambaza. Alinawa mikono, akavuta kiti, akauliza basi sasa ni franka ngapi mpaka hapa, na je, muhula huu una siku ngapi za masomo ukiondoa mapumziko.